Chupa ya Mtori Kutoka Kitanda Namba Nne

Nina miaka saba kwenye chumba cha wagonjwa mahututi (ICU), hapa Moshi. Hospitali sitaitaja, mgonjwa sitamtaja, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili familia isitambulike. Ninaandika kwa ajili ya wauguzi wenzangu, hasa hawa wadogo wanaopangiwa ICU mwaka wao wa kwanza kazini. Ninawaandikia pia waume na wake tunaoishi nao, wanaotuona tumebadilika na hawajui tumepatwa na nini.

Chuoni nilifundishwa vizuri CPR, yaani kumhudumia mtu ambaye moyo wake umesimama. Kifua unakibonyeza mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, unakiacha kirudi juu chenyewe, na mnapokezana kila baada ya dakika 2 kwa sababu mikono huchoka kabla mwenyewe hujajua umechoka. Adrenalini, dawa ya kuuchochea moyo, miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5. Haya nayajua hata ukiniamsha usiku wa manane. Hakuna aliyenifundisha nifanye nini ninapovua glovu, mgonjwa amekata roho, na wakati huohuo dripu ya kitanda namba mbili imeisha.

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Kitanda namba nne alilala mzazi wa miaka 26, uzao wake wa kwanza. Aliletwa na kifafa cha mimba, akafanyiwa upasuaji usiku uleule, kisha akakaa kwenye mashine ya kupumulia siku nne. Siku ya tano asubuhi tulimtoa mrija. Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Wodi nzima tulifurahi. Ukifanya kazi ICU unajua furaha ya namna hiyo ni adimu, na unajua inavyokufanya umzoee mgonjwa kuliko ulivyopaswa.

Mama yake alikuwa anakuja kila jioni na chupa ya mtori, supu nzito ya ndizi. Chupa ya bluu yenye maua, kifuniko kimepasuka kidogo na kuzungushiwa mpira wa baiskeli. Huku kwetu mzazi asipokunywa mtori watu wanauliza ana ndugu kweli. Nilimweleza mara mbili: "Shikamoo mama. Bado hajaruhusiwa kumeza, mama yangu." Akajibu, "Sawa, mwanangu." Kesho yake akaja nayo tena, akaiweka juu ya meza yetu.

Usiku ule tulikuwa wauguzi wawili kwa vitanda vitano. Saa tisa na dakika kumi nikiwa nampima joto, alinishika kifundo cha mkono akasema, "Sista, sipati hewa." Akageuza macho. Nilitafuta mapigo shingoni, hakuna. Nikapaza sauti kumwita mwenzangu, nikavuta kile kigoda cha chuma tunachopandia sisi wafupi, nikaanza.

Ubavu wa kwanza ulivunjika kwenye mibonyezo ya mwanzo kabisa. Waliofanya kazi hii wanaijua sauti hiyo. Unaisikia kwenye viganja kabla ya masikioni. Ukiwa darasani unaambiwa usiache, mbavu huvunjika mara nyingi na si dalili ya kukosea. Sawa, hukosei. Ila mkono unaikumbuka. Nilihesabu kwa sauti hadi thelathini, mwenzangu akampa pumzi mbili kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa, nikaanza tena moja. Tulipofungua droo ya adrenalini kwenye troli ya dharura ilikuwa tupu. Zamu ya jioni iliitumia kwa mgonjwa mwingine na hakuna aliyejaza. Mwenzangu akakimbilia wodi ya jirani, nikabaki peke yangu, nahesabu, nabonyeza, nashuka kigodani kushika ambu, napanda tena. Jasho liliniingia machoni nisiweze kulifuta.

Daktari wa zamu alitokea chumba cha upasuaji. Mapigo yalirudi baada ya dakika kumi na moja. Mwenzangu alilia kwa furaha, mimi nikasema "asante Yesu" kwa sauti. Baada ya robo saa hivi yakapotea tena, na safari hii hayakurudi. Saa kumi kasoro dakika tano daktari alisema tuache.

Mashine ya kitanda namba mbili ilikuwa inalia. Nikaenda. Nilibadilisha dripu huku mkono ukitetemeka hadi nikashindwa kuingiza sindano kwenye chupa, nikaishika kwa mikono miwili. Daktari alitoka koridoni kumwambia mama. Sikutoka naye. Nilijifanya nina kazi, na kweli kazi ilikuwepo, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kumwangalia usoni. Tulimsitiri marehemu mimi na mwenzangu bila kuzungumza. Saa moja na nusu asubuhi nilikabidhi zamu: "Kitanda namba nne amefariki saa kumi kasoro, mwili umeshashushwa." Basi. Hayo ndiyo maneno yote niliyosema wodini kuhusu usiku ule kwa muda wa miezi saba.

Mvua ilikuwa imekatika, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imejitokeza nyeupe kabisa, watu wanauza vitumbua getini kama siku nyingine yoyote. Chupa ya mtori ilibaki mezani. Niliibeba nyumbani Pasua nikaioshe, nikiwaza nitaituma. Nikaiosha. Nikaiweka juu ya kabati la vyombo.

Sikulala siku ile, na nilidhani ni uchovu. Siku ya pili nikaanza kusikia mlio wa monita ninapokaribia kupitiwa na usingizi, mlio halisi kabisa, nikanyanyuka kitandani kutafuta mgonjwa. Nikawa naamka usiku kwenda kuweka kiganja juu ya kifua cha mwanangu kuona kama anapumua. Ana miaka sita, hana ugonjwa wowote. Baba watoto akiniuliza, namjibu kwa ukali. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumeza Piriton ili nilale. Kwanza kimoja, halafu viwili, baadaye nikichanganya zamu nameza hata mchana. Muuguzi anajua dawa, na ndiyo maana anajidanganya kirahisi kuliko mtu mwingine. Ile ni dawa ya mzio. Inakulaza kwa muda, asubuhi unaamka kichwa kizito, na yule mgonjwa bado yupo palepale ulipomwacha.

Kosa la pili, nilianza kukikwepa kitanda namba nne. Nilibadilishana na wenzangu, nikatoa visingizio, mara mgongo, mara mafua. Walinikubalia kwa upendo, na upendo ule uliniumiza bila wao kujua, kwa sababu kila siku niliyokikwepa kile kitanda kilizidi kuwa kikubwa kichwani mwangu. Juni nilimfokea mwanafunzi wa uuguzi mbele ya ndugu wa mgonjwa kwa sababu aligonga beseni la chuma sakafuni. Binti wa watu alitetemeka. Nilimwomba msamaha baadaye, lakini aliyefokewa mbele za watu haponi kwa msamaha wa pembeni.

Na chini ya yote hayo kulikuwa na jambo moja nililolificha. Saa tatu usiku ule, mwanzo wa zamu, mapigo ya yule mzazi yalikuwa 118 kwa dakika, juu ya kawaida. Niliyaona. Na kwa kadiri nilivyokumbuka, nilijiambia ni homa kidogo, nikaenda kwa mgonjwa mwingine bila kumweleza daktari. Miezi yote ile nilitembea na hilo. Sokoni Mbuyuni napima nyanya, nawaza 118. Kanisani watu wanaimba, nawaza 118. Nilijiona nimemuua mtu kisha nimepewa mshahara.

Kilichonishtua ni Julai. Nilikuwa natayarisha dripu ya potasiamu, pampu nikaiwekea kiwango mara kumi ya kile kilichoandikwa. Potasiamu ikiingia haraka inasimamisha moyo. Mwenzangu alipita, akatazama namba, akaniambia kwa upole, "Dada, hebu angalia tena." Nilipoangalia, miguu iliisha nguvu. Mgonjwa hakupata hata tone, lakini niliingia stoo, nikakaa juu ya boksi la glovu, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Kama kuna muuguzi anasoma hapa na bado anajiambia atazoea, naomba asisubiri potasiamu yake. Ukipita mwezi mzima bado picha zinakurudia bila kuitwa, unakwepa mahali au watu, unashtuka kwa sauti ndogo na usingizi hauji, hiyo si tabia mbaya wala udhaifu wa imani. Ni ugonjwa unaofahamika, una jina, PTSD, na una tiba. Wanaohesabiwa humo si askari wa vita peke yao. Hata anayekutana na vifo vya namna hiyo tena na tena kwa sababu ya kazi yake anaweza kuupata.

Mchungaji wangu aliniombea, na namshukuru, maombi yalinishika nisianguke. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, nenda pia kwa mtaalamu." Hapo likaja tatizo la Moshi. Mji huu tunajuana. Kliniki ya afya ya akili iliyo karibu nami wanafanya kazi watu niliosoma nao, na pale nje kwenye benchi ungekutana na jirani, shemeji na mwalimu wa mtoto. Niliona aibu. Nikaamua kwenda Arusha, kilomita 80 hivi, kwa Coaster ya alfajiri, na nyumbani nikasema nina semina. Nilidanganya mara tatu kabla ya kumwambia mume wangu ukweli. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa nini usiniambie? Ningekusindikiza." Vikao vilikuwa nane, elfu 30 kila kimoja, nauli juu yake, na pesa hizo zilitoka kwenye akiba ya ada ya shule. Nataja gharama kwa sababu inazuia watu wengi. Anzia kwenye hospitali yako mwenyewe; nyingine zina mtaalamu wa saikolojia au afisa ustawi wa jamii anayeweza kukusikiliza bure. Aibu yangu ndiyo iliyonipandisha basi.

Mwanasaikolojia hakunipa dawa. Alinifanya nisimulie usiku ule kuanzia saa tatu hadi asubuhi, polepole, kikao baada ya kikao, hadi nikaweza kusema "ubavu ulivunjika" bila kushika ukingo wa kiti. Kikao cha tano akaniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: "Hiyo 118 umeiona wapi tangu siku ile? Kwenye karatasi, au kichwani mwako?"

Kichwani mwangu.

Novemba nilimwomba inchaji wa wodi nilione faili. Nilitegemea anikatalie. Akaleta, akamwita na daktari wa usingizi, yule anayelaza wagonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji, tukakaa watatu ofisini na chai. Nikafungua karatasi ya uangalizi. Saa tatu na dakika tano, mapigo 118, mwandiko wangu. Na pembeni, mwandiko wangu uleule: daktari amejulishwa. Mstari wa chini daktari ameandika alichoagiza, akasaini.

Nilisoma mara nne. Nilikuwa nimetoa taarifa. Nilisahau kabisa kwamba nilitoa, na kwa miezi saba nilijihukumu kwa kosa ambalo sikulifanya. Daktari wa usingizi aliniambia kumbukumbu ya mtu aliyeshtuka huwa na mashimo, na mashimo hayo mara nyingi tunayaziba kwa lawama.

Lakini hakunipaka mafuta. Karatasi ya CPR ilionyesha adrenalini ya kwanza iliingia dakika ya sita. Alisema wazi ilichelewa, na kuchelewa huko ni kosa la wodi nzima: troli haikukaguliwa. Akasema pia kwamba dalili zote zilielekea kwenye donge la damu lililoziba mshipa mkubwa wa mapafu, na katika hali hiyo hata dawa ikiwa tayari mkononi nafasi ni finyu. Akanikumbusha jambo ambalo hakuna anayelisema kwa sauti wodini. Watu wanadhani CPR hurudisha uhai mara nyingi. Njia hii ya kubonyeza kifua kwa mikono ilitangazwa kutoka Baltimore, Marekani, mwaka 1960, na hata leo, kwenye hospitali zao zenye kila kitu, kati ya watu wazima ambao moyo umesimama wakiwa wodini wanaorudi nyumbani wakiwa hai ni robo hivi. Robo tatu hawarudi. Sisi tunaingia kwenye kila tukio tukijipima kana kwamba wote wanapaswa kuamka.

Kama ningeoneshwa karatasi ile Aprili, wiki ileile, sidhani kama ningefika Arusha.

Chupa nilimkabidhi afisa ustawi wa jamii Januari, nikamwomba airudishe kwa familia. Akaniambia, "Yule bibi huleta mjukuu kliniki hapa. Wiki ijayo ana chanjo ya surua, ametimiza miezi tisa. Utampa mwenyewe, au?" Nilimwomba kwanza amuulize bibi kama anataka kuniona, na kama angekataa ningekubali. Simshauri kila muuguzi aifuate familia. Ndugu wengine bado wana hasira, na haki yao.

Nilimkuta kwenye benchi, mtoto amefungwa mgongoni kwa kitenge, ananyonya ncha ya kitambaa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Nilimpa chupa. Akaigeuza, akapapasa ule mpira wa baiskeli kwenye kifuniko. Nikamwambia samahani nilikaa nayo, na samahani kwamba usiku ule sikutoka kuja kumwona.

"Nilikuwa mlangoni," akasema. "Nilikusikia unahesabu. Ukifika thelathini unaanza tena moja. Nikajua hajaachwa peke yake."

Kisha akaniambia kwamba alijua muda wote mwanawe hawezi kumeza. Mtori ule alikuwa anawaletea waliokesha naye.

Maneno yale kuhusu mlangoni yamenifanya nifikirie upya desturi yetu ya kuwafukuza ndugu CPR inapoanza. Kuna utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2013, wa ndugu 570, ambapo waliopewa nafasi ya kushuhudia wenzao wakifufuliwa nyumbani walipata msongo mdogo baadaye kuliko ambao hawakupewa nafasi hiyo. Wodini kwetu bado tunabishana kuhusu hili. Nafasi ni ndogo, na lazima mtu mmoja asimame na ndugu kumweleza kinachotokea. Usiku wa wauguzi wawili, huyo mtu anatoka wapi?

Yaliyobadilika ni machache, na mengi hayana gharama. Troli inakaguliwa kila zamu, anayekagua anasaini. Aliyebonyeza kifua hamsitiri marehemu siku hiyo kama kuna mwingine wa kufanya hivyo. CPR ikiisha tunasimama wote kuzunguka kitanda kwa ukimya mfupi, daktari, muuguzi, mhudumu wa usafi, kila mtu, tumheshimu aliyeondoka kabla hatujagusa kitu kingine. Wazo hili lilianzishwa na muuguzi Mmarekani, Jonathan Bartels wa Virginia, na kwetu limeingia kirahisi maana sisi ni watu wa kusimama kwenye msiba. Halafu dakika tano mezani na karatasi ya CPR: nini kilienda sawa, nini kilikwama, nani atafuatilia. Hapo hatumlazimishi mtu aeleze anavyojisikia. Niliwahi kudhani kikao cha lazima cha kutoa ya moyoni ndiyo dawa, lakini tafiti hazikuonyesha kwamba kumkalisha mtu mara moja na kumtaka asimulie kila kitu kunamkinga. Wapo wanaozidi kuumia. Tunaongelea kazi. Baada ya wiki moja, na tena baada ya mwezi, mmoja wetu anamuuliza aliyekuwepo: unalala?

Kisichobadilika ni idadi yetu. Bado kuna usiku wa wawili kwa watano, na dakika tano hizo wakati mwingine zinapatikana saa mbili baadaye, au hazipatikani. Nimeuandikia uongozi barua mbili. Nitaandika ya tatu.

Jumanne iliyopita tulimpoteza mzee kitanda namba moja, baada ya nusu saa ya kubonyeza. Aliyebonyeza zaidi ni kijana aliyeripoti kazini mwezi Mei. Tulipokaa mezani alikuwa ameweka mikono chini ya mapaja ili tusione inavyotetemeka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, nilichelewa kuona presha inashuka, eti?"

Sikumwambia hapana, na sikumwambia asijali. Nilivuta kiti karibu yake, nikafungua karatasi ya uangalizi, tukaanza kusoma pamoja kuanzia saa mbili usiku.